Springi ya Siku Kumi na Nane

Kisu kiko mezani ninapoandika. Kimekunjwa, mpini wake ni wa pembe ya ng'ombe, umeng'aa kwa kushikwashikwa, na ukikifungua kinatoa mlio mfupi wa kufuli kuingia mahali pake, ta, mlio ambao nautambua hata nikiwa chumba kingine. Springi iliyomo ni ya pili niliyoitengeneza kwa mkono wangu, kutoka kipande cha msumeno wa kupasulia mbao. Miaka yote hii nimekifungua na kukifunga kila asubuhi kabla ya chai, na haijachoka. Ya kwanza niliiweka mimi vilevile. Ile ilidumu siku kumi na nane. Wiki tatu zilizopita nilipata habari kwamba Fundi Zablon amefariki, nikaenda Makumira kumzika, na tangu nirudi silali vizuri wala chakula hakishuki. Nimeona nikae niuandike ule mwaka niliokaa mtaa wa Kaloleni. Sitegemei kupona kwa kuandika. Ila wapo watu wengi Arusha hii wanaonisifu kwa kazi ya visu, na sifa hizo nimezivaa muda mrefu mno.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipanga chumba cha tatu katika nyumba ya Mama Happy, karibu na uwanja wa mpira, karibu kiasi kwamba bao likifungwa vifuniko vya sufuria vilitetema. Kitanda, jiko la mchina, ndoo mbili, kioo kilichopasuka kona. Kati ya chumba changu na cha nne hapakuwa na ukuta wa kuitwa ukuta, zilikuwa mbao nyembamba zilizopakwa chokaa, kwa hiyo nilimsikia jirani yangu akikohoa, akisali, akitafuta soksi. Soksi nazitaja kwa sababu. Elibariki alikuwa kijana wa Kimeru, amenizidi kama miaka minne, na alipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa la kwao mlimani. Mama Happy alimruhusu kufanya mazoezi kwa sharti moja, mdomo wa tarumbeta uzibwe kwa soksi mbili nene. Basi kila jioni saa kumi na moja, wakati mimi namenya ndizi, tenzi za kanisani zilipenya mbao zile zikiwa zimezibwa pua. Nilizipenda hivyo hivyo. Mpaka leo nikizisikia zikipigwa wazi naona kama kuna kitu kimezidi.

"Dada Ana!" alikuwa akiita kupitia mbaoni, tarumbeta ikiwa imenyamaza. "Leo kuna nini?"

"Kiburu cha ndizi na maharage."

"Kimeungua?"

"Chini tu. Chukua sahani uje, usinipigie kelele."

Anakuja na sahani yake na kisu chake, hicho hicho kilichopo mezani. Kilikuwa cha baba yake. Anakitoa mfukoni, anakifungua kwa kidole gumba, anapasua parachichi katikati na kunipa nusu iliyo na kokwa kwa kuwa ndiyo haiwahi kuwa nyeusi. Kisha ananieleza habari za mwezi wa sita. Bendi moja kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa inachukua wapigaji wapya, na yeye alikuwa ameahidiwa kusikilizwa. Alikuwa hazungumzii kitu kingine. Alikuwa akila huku vidole vitatu vya mkono wa kulia vikibonyeza hewa juu ya goti, kidole cha shahada, cha kati, cha pete, kana kwamba vitasahau kazi vikipumzika. Nilimpenda. Naandika neno hilo waziwazi kwa sababu mwaka ule sikulitamka kwa mtu yeyote, na kwa sababu bila hilo ujinga wangu hauna maelezo.

Mchana nilikuwa nikijifunza ufundi kwenye meza ya Fundi Zablon, chini ya kibaraza cha duka la vyombo. Alikuwa mtu wa Machame, mfupi, mwenye maneno machache na makali, akitengeneza miavuli, makufuli, zipu za mabegi, lakini waliomfuata kutoka mbali walimfuata kwa visu vya kukunja. Walikuja wapagazi wa mlimani, wachuna ngozi, wapandikiza miche. Mtu akileta kisu atasifu makali, naye Zablon atakigeuza aangalie mgongo. Huko ndiko springi inapokaa, kipande cha chuma kirefu kama kidole, kinachousukuma ulimi wa kufuli uingie kwenye pengo la kisogo cha kisu na kukizuia kisijikunje. Springi ikiwa hai, kisu ni kisu. Ikichoka, una mtego mfukoni. Zablon alitengeneza springi zake kutoka msumeno wa mashine ya mbao na si kingine. Analainisha kwa moto, anakata kwa tupa, anakipasha tena mpaka kiwe chekundu, anakitosa kwenye mafuta, kisha anakirudisha motoni taratibu mpaka kiote rangi ya bluu. Bluu ile ikikupita kidogo, umepoteza kazi ya asubuhi nzima. Nilipoteza asubuhi nyingi.

Kazi ikiisha alikuwa na jambo lake moja ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Anakishika kisu kikiwa wazi, vidole vyake vinne mahali ambapo makali yangeangukia, halafu anakipigiza kisogo kwenye ubao wa meza, kwa nguvu, mara kumi. Mara ya kwanza kuona niliziba macho.

"Fundi, na kikijifunga?"

"Kikijifunga kitanikata mimi," alisema. "Kwani wewe ulitaka kimkate nani?"

Alitaka na mimi nifanye hivyo kwa kila kisu nitakachokigusa. Alipokuwa ananitazama nilifanya. Alipokuwa hatazami nilikipigiza kisu huku nimekishika kwa koleo.

Mwezi wa tatu springi ya kisu cha Elibariki ilikatika. Zablon aliitazama, akasema hana msumeno wa unene ule, akipata ataitengeneza, mwenye kisu asubiri. Siku iliyofuata alipata msiba kwao, akaenda Machame siku tatu, akaniachia meza. Jioni Elibariki alikuja na sahani akaniuliza kama kisu tayari. Nikamwambia fundi hayupo.

"Na wewe je?" akasema. "Si fundi wewe?"

Alisema kwa utani, na maskini hakujua ameniharibu. Asubuhi nilitafuta kipande cha msumeno meza nzima nikakosa. Ng'ambo ya barabara wauza mitumba walikuwa wanafungua belo, na zile tepe za chuma zinazofunga belo zilikuwa zinaruka zikikatwa, zinalia, zinang'aa. Niliokota moja nikaikunja, ikajirudi. Nikaikunja tena, ikajirudi. Nikajiona nimegundua jambo ambalo Zablon na ukali wake wote hakuliona. Nilikunja vipande viwili pamoja kupata unene, nikavipiga tupa, nikagonga misumari ya mpini, na kisu kikafunguka kwa mlio mzuri kabisa. Sikukipigiza na vidole vyangu ndani. Sikukipigiza hata kwa koleo, niliogopa kitu nisichotaka kukijua. Jioni nikampelekea, akakifungua mara tatu, akacheka, akidhani springi ameiacha fundi nami nimeifunga tu, akasema, "Fundi Ana!" Nililala na jina hilo siku kadhaa.

Zablon aliporudi nilimwambia jirani amechukua kisu chake akaenda nacho kwao. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na ulitoka laini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelificha hata kwa wale wachache niliowahi kuwagusia habari hii. Mimi nilijua. Siku ya kumi hivi, namenya ndizi, nilimsikia kupitia mbao akikifungua kisu chake, na mlio haukuwa ta. Ulikuwa mzito, umelegea, kama mlango usiofika kwenye fremu. Kesho yake tena, na kesho yake. Masikio yangu yalikuwa yameshakuwa masikio ya fundi. Niliacha kumenya nikasikiliza, nikajiambia springi imechoka, nikajiambia nitaibadilisha baada ya Pasaka, Zablon akienda tena kwao, kwa siri, aibu isinipate. Ningegonga ubao ule kwa kifundo cha kidole. Ningesema, kaka Eli, nipe hicho kisu. Maneno matano. Jumamosi alipita mlangoni kwangu na begi akienda nyumbani kwa sikukuu, akaniuliza nimletee nini, nikasema parachichi.

Alirudi Jumatano mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Walikuwa wanachuna mbuzi wa Pasaka. Alikandamiza ncha kwenye ungio la mguu, kisu kikajikunja, kikamkata kidole cha shahada na cha kati mpaka mfupa. Hospitalini walishona, wakamwambia mishipa inayokunja vidole imekatika, wataona.

"Uzembe wangu," alisema amesimama mlangoni. Alikuwa amejitahidi kutabasamu. "Nafikiri kidole gumba kilibonyeza kufuli. Nitunzie hiki, sitaki kukiona." Akanipa kisu. Na mkono wa kushoto alikuwa ameshika mfuko wa maparachichi.

Nilikifungua mezani kesho yake, nikidhani Zablon yuko kwa muuza chai. Vile vipande viwili vya tepe, kimoja kilikuwa kimepinda moja kwa moja, kingine kimepasuka kwenye tundu la msumari. Kivuli kikaanguka mezani. Zablon alichukua kile kilichopasuka akakigeuza kwenye jua.

"Hiki ni cha belo."

Nikakifunika kile kingine kwa kiganja.

"Nani kaweka?"

"Mimi, fundi."

Hakunipiga, hakupaza sauti. Alikaa kwenye kigoda chake akakitazama kile kipande muda mrefu. "Nenda kamwambie," alisema. "Mtu anajilaumu bure."

"Nitaenda."

"Lini?"

"Fundi, nitaenda."

"Mpaka Jumamosi. Kazi ilitoka kwenye meza yangu. Usipoenda wewe, naenda mimi."

Nilikwenda mlangoni kwa Elibariki mara ngapi sijui. Nilisimama na sahani ya chakula, naye akafungua, na kila mara nikaangalia ile bandeji na maneno yakakauka. Mama yake alikuwa amekuja kumuuguza, mama mrefu mwenye sauti ya kwaya, na kupitia mbao nilisikia akimlisha loshoro ya maziwa ya mgando kwa kijiko na kumwuliza mambo yale yale.

"Huyo aliyekutengenezea kisu, mmemuuliza?"

"Mama, niache. Ni mimi mwenyewe."

"Baba yako alikitumia miaka kumi na tano hakikumkata."

"Basi ni mimi, mama. Si nimesema ni mimi?"

Kisha kijiko kwenye bakuli. Niliuma kanga yangu nisisikike. Ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi mchana Zablon alikuja amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alikuwa na jani la isale limefungwa fundo. Kwa asiyetoka kwetu niseme hivi, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini, na jani lake likifungwa fundo na kuletwa mlangoni kwako, mtu ameomba msamaha. Halikataliwi. Unaweza kuwa umeuliwa ndugu, utakasirika, utalia, lakini utalipokea. Wameru nao wanaliheshimu kama sisi Wachaga. Nilikuwa kitandani kwangu, mgongo kwenye mbao.

"Shikamoo mama," nilimsikia akisema, ingawa yule mama hakumzidi sana. "Habari za mgonjwa. Nimekuja kusema springi ilikuwa mbovu. Ilitoka mezani kwangu. Kosa ni langu, si la huyu kijana."

Hakunitaja. Nilingoja anitaje, nilitamani anitaje, na nilimwomba Mungu asinitaje, yote kwa pamoja. Hakunitaja.

Kutoka kwa Elibariki nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tena kwa mtu mzima, kilio cha hasira kinachoanzia tumboni. "Miezi miwili imebaki!" alisema. "Miezi miwili, fundi! Wewe unaniletea jani!" Mama yake akamsihi kwa Kimeru, haraka haraka. Mlango ukafunguka kwa kishindo na jani likatupwa barazani. Zablon alitoka. Alipopita mlangoni kwangu alisimama kidogo. Mlango ulikuwa wazi kwa upana wa kiganja, nami nilikuwa nyuma yake, na nadhani aliiona miguu yangu. Kisha akaenda zake. Mama Happy alikuja na ufagio akalizoa lile jani pamoja na maganda yangu ya ndizi.

Vidole havikurudi. Bandeji ilipotolewa vilikuwa vimenyooka, viwili, haviitiki. Alijaribu tarumbeta kwa mkono wa kushoto, na sasa hakuweka soksi, na Mama Happy hakusema kitu. Mwezi wa sita alikwenda Dar es Salaam hata hivyo. Alirudi baada ya siku nne, akafungasha vyombo, akapanda kwao mlimani. Aliniaga vizuri. Alisema, "Wewe ndiye jirani mwema niliyempata mjini hapa." Niliyasikia maneno hayo nikiwa nimeshika ndoo, na nikaenda bombani kama kawaida.

Habari ilikwisha kuenea. Wateja wa Kimeru waliacha meza ya Zablon, mmoja mmoja, kisha na wengine. Alikuwa anakaa siku nzima anapanga upya mkasi na koleo. Hakunilaumu, ila kila Jumatatu aliniuliza, kwa sauti ya kuulizia hali ya hewa, "Wiki hii?" Nami nikasema, "Wiki hii, fundi." Mwezi wa nane akaacha kuuliza. Mwezi wa tisa alihamia Makumira, akaenda kunoa visu na kuchonga funguo huko, na meza akaniachia mimi, pamoja na msumeno mzima wa mbao ambao hatimaye alikuwa ameupata. Siku ile ile nilitengeneza springi ya kisu cha Elibariki. Ilikuja bluu sawasawa mara ya kwanza. Nilikipigiza mezani mara kumi, vidole vyangu ndani. Na wateja wakarudi. Walisema, afadhali huyu binti, yule mzee alikuwa analipua kazi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake walipoyasema hayo, nikipokea visu vyao. Nimekula kwa meza ile mpaka leo, nimejenga, nimesomesha. Wakati mwingine nalitazama paa la nyumba yangu na kuona aibu mbele ya bati.

Makumira walimzika kwenye kiwanja chake kidogo, mwenyewe ndivyo alivyotaka. Nilifika asubuhi na jani la isale ndani ya mkoba, nimelifunga fundo, juu ya kisu. Bendi ya tarumbeta ilikuja kutoka usharika wa mlimani, na mpiga ngoma kubwa alikuwa mwanaume mwenye mvi, ameshika kirungu cha ngoma kwa kidole gumba na vidole viwili vya mwisho, vingine viwili vimenyooka pembeni. Nilimjua kabla sijaona uso. Baada ya mazishi, watu walipokwenda kula, nilimkuta amekaa kwenye benchi kando ya ngoma yake.

"Anaeli!" alisema. "Jirani! Umekuwa mama mzima!"

Nikatoa jani. Akalitazama, akacheka kidogo. "Hili la nini tena? Wewe umenikosea nini?"

Nikamwambia. Tepe ya belo, koleo, mlio kupitia mbao, yote. Nilisema haraka nikiangalia viatu vyake. Nilipomaliza alikuwa hacheki.

"Alinijia na isale," alisema. "Nikalitupa."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa upande wa pili wa mbao."

Alishusha pumzi. "Mama alikufa ananiambia niende nikamwone yule fundi, kwamba mtu hatupi isale. Kila Krismasi nilipanga. Nikasema, mwenye kosa ni yeye, aje tena yeye." Akapitisha kiganja juu ya ngozi ya ngoma. "Kumbe nilimtupia mtu asiye na kosa."

Kwa miaka yote niliyoogopa siku ile, sikuwahi kufikiri kwamba ukweli wangu ungemkata yeye mara ya pili. Nilinyoosha jani, mikono yote miwili, kama inavyotakiwa. Alilichukua kwa kidole gumba na kile cha pete. Nikashukuru moyoni, nikadhani limepokelewa. Lakini aliinuka kwenye benchi. Alikwenda nalo mpaka kaburini, akapiga goti kwenye udongo mbichi, akaliweka kati ya mashada, akasema maneno ya Kimeru ambayo sikuyaelewa isipokuwa jina la Zablon. Alikaa pale muda. Alipoinuka alijifuta magoti, akaja akabeba ngoma yake, akanipita.

Nilibaki nimesimama na mkoba wazi. Ndani kulikuwa na kisu tu. Jani nililokuja nalo lilikuwa moja.